Ndege weusi-weupe wa kando ya ziwa: mbona wanne wanalisha shimo moja?

kando_ya_ziwa

Wakuu salaam. Naomba mwenye kujua mambo ya ndege anisaidie. Niko upande wa Bunda, nyumbani ni karibu kabisa na Ziwa Victoria, na ukipita mwalo ukashuka kidogo kuna ukingo wa mchanga umekatika wima, mtu mzima akinyoosha mkono hagusi juu. Huo ukingo umejaa mashimo ya mdiria, wale weusi na weupe wenye kishungi, wanaosimama hewani wanapigapiga mabawa pale pale halafu wanajitosa majini kichwa chini. Jioni napenda kukaa kuwaangalia, na kuna shimo moja limenishangaza. Wanaoingia na samaki humo sio wawili, ni wanne! Wanapishana mlangoni, mmoja anatoka mwingine anaingia, na muda mwingine mmoja anafukuzwa kabisa lakini anarudi tena na samaki wake mdomoni. Sasa hao wengine ni nani? Dume ana wake wengi? Au wamechanganya mashimo maana yako mengi yamepangana?

La pili ndo linaloniumiza zaidi. Kuna watu wanataka kuchota mchanga wa ujenzi hapo hapo kwenye ukingo, tipa zimeshakuja kuangalia njia ya kupita. Mjomba wangu mvuvi anasema waacheni wachimbe, hao ndege wanatumalizia dagaa na isitoshe wataenda kutoboa kwingine. Ni kweli watahamia kwingine? Na vifaranga wakishaanguliwa wanakaa ndani muda gani? Nataka nikaongee kwenye kikao nikiwa na hoja za kueleweka.

Mwalimu_Bios

Asante kwa swali, na kwanza nikupongeze kwa kuona hilo, maana watu wengi wanaishi nao miaka yote na hawajawahi kuhesabu nani anaingia wapi.

Hapana, dume hana wake wengi na wala hawajapotea njia. Shimo ni la dume mmoja na jike mmoja, hao wengine ni wasaidizi. Na unaweza kuhakikisha mwenyewe bila darubini kama uko karibu. Angalia kifuani, dume ana mikanda miwili myeusi, wa juu mpana na wa chini mwembamba, jike ana mmoja tu na mara nyingi umekatika katikati. Ukikaa vizuri utaona kwenye shimo lako kuna jike mmoja na waliobaki wote ni madume. Kwa hawa ndege madume ni wengi kuliko majike, kwa hiyo kila msimu kuna madume wanakosa wenza, sasa hao hawakai bure.

Wasaidizi wako wa aina mbili. Aina ya kwanza ni mtoto wa hao hao wenye shimo, kijana wa kiume wa msimu uliopita ambaye hajapata mke. Huyu yupo toka mwanzo, toka mayai hayajatagwa, analisha mama yake, anafukuza maadui, na watoto wakiangulika anavua kwa bidii sawa na baba. Aina ya pili ni dume wa nje, hana undugu na yeyote pale. Huyu anatokea baada ya vifaranga kuanguliwa, ndo huyo unayemuona anafukuzwa. Anakuja na samaki, anafukuzwa, anarudi na samaki mwingine, mpaka siku wanamkubali.

Aliyeyafukua haya vizuri ni mtafiti mmoja anaitwa Heinz-Ulrich Reyer, alikaa Kenya akawavisha pete miguuni akawafuatilia mmoja mmoja kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, maandishi yake yalianza kutoka 1980. Na alichokuta ni kwamba huku kwetu Victoria familia yenye msaidizi hata mmoja inakuza watoto karibu mara mbili ya familia ya baba na mama peke yao. Kwa hiyo sio mapambo, bila wale wengine vifaranga wengi humo ndani wangekufa njaa.

Mzee_wa_Nanga

Mimi nimevua Ziwa Victoria upande wa Sengerema tangu kijana, ngoja nimjibu huyo mjomba kwa heshima maana najua anapotokea, mvuvi akirudi na ndoo nusu anatafuta wa kumlaumu.

Mjomba, huyu ndege mzima uzito wake kwa kawaida haufiki hata gramu mia. Dagaa anayekula ni mmoja mmoja. Karabai moja usiku mmoja inavuta dagaa ambao kundi zima la ndege kwenye huo ukingo hawawezi kumaliza. Kama dagaa wanapungua tuangalie nyavu zetu za macho madogo na idadi ya mitumbwi.

Na wewe unayekumbuka zamani unajua kwamba huyu ndege chakula chake hakikuwa dagaa. Alikuwa anakula furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Furu walikuwa wengi kupita kiasi, ukitupa ndoano hata bila nia unatoa furu. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akakaa kimya kimya, miaka ya 1980 akalipuka, furu wakapukutika. Sisi tukahamia sangara na dagaa, na ndege naye akahama vile vile. Sasa furu ana mwili, dagaa ni mwembamba hafiki hata sentimita kumi, kwa hiyo mzazi inabidi alete dagaa wengi zaidi kwa kifaranga yule yule. Kazi ya huyo ndege imeongezeka kwa sababu ya jambo tulilolifanya sisi binadamu, halafu leo tunamwita mwizi.

Mwalimu_Bios

Shikamoo mzee, hilo la furu lina ushahidi kabisa. Watafiti Waholanzi waliokuwa Ghuba ya Mwanza, Wanink na Goudswaard, waliandika 1994 wakionyesha kwamba mdiria alitoka kwenye furu akaenda kwenye dagaa baada ya sangara kutawala, na wakasema hivyo hivyo kama ulivyosema, kwamba idadi ya samaki wa kulisha watoto ilibidi ipande.

Anayetaka kujua ndege wake wanakula nini haitaji maabara. Mdiria hawezi kusaga mifupa na magamba yote, anavicheua kama kidonge kikavu kijivu. Angalia chini ya tawi au mti anaopenda kutua, utakuta vidonge vimeanguka, ukikipasua kwa ncha ya kijiti unaona vifupa na magamba humo. Watafiti ndivyo wanavyojua.

Nyongeza moja kwa mjomba. Wale dagaa wenye mnyoo mweupe mrefu tumboni, kila anayeparua dagaa kashawaona. Yule mnyoo, Ligula, anamalizia maisha yake ndani ya ndege anayekula samaki, na samaki mwenye mnyoo huyo huelea juu juu karibu na uso wa maji. Ndege anayevua juu anakutana na hao.

naivasha_guide

Wadau habari zenu, mimi niko Naivasha kazi yangu ni kuzungusha watalii kwa boti kuona ndege na viboko. Nimefurahi kuona mtu ametaja ile risachi maana sisi huwa tunawaambia wageni hiyo stori kila siku, na kwetu iko tofauti na hiyo ya Victoria.

Hapa Naivasha utaona wazazi na yule kijana wao anawasaidia, lakini yule wa nje sana sana anafukuzwa na haingii. Kwa nini? Maji. Ziwa letu ni dogo na asubuhi limetulia, ndege akiangalia chini anaona vizuri na samaki wa hapa wako na mwili kuliko omena, yaani dagaa wenu. Akipiga mbizi mara nyingi anatoka na kitu. Victoria kuna mawimbi, upepo ukianza maji yanachafuka, anapiga mbizi mara nyingi anatoka mdomo mtupu na bado anatakikana kuruka mbali kutoka kwa shimo mpaka mahali samaki wako. Wazazi wawili wanachoka. Ndio maana wanakubali mgeni.

Na hii sehemu ndio huwa naipenda kabisa. Reyer na mwenzake Westerterp walifanya jaribio, wakatoa matokeo 1985. Walibadilisha idadi ya vifaranga kwa mashimo. Huku Naivasha wakaongezea wazazi watoto wa kulisha, na wale wazazi waliokuwa wakifukuza mgeni wakaanza kumkubali. Kule Victoria wakapunguza watoto, na wazazi wakaanza kumfukuza mgeni. Walipima hata nguvu ambayo mzazi anatumia kwa siku. Kwa hivyo si tabia ya ndege wa Victoria kuwa wakarimu na wa Naivasha kuwa wachoyo, ni ndege wale wale, wanapima kazi na nguvu zao. Mimi nikiwaambia wageni hivyo hunyamaza kidogo, halafu maswali yanaanza kuja hadi tunachelewa kurudi.

kando_ya_ziwa

Jamani asanteni, nimesoma yote mpaka nikarudia. Nimeenda jioni nikaangalia mikanda, ni kweli kabisa, jike ni mmoja na wengine watatu wote wana mikanda miwili. Na yule anayefukuzwa nimemjua, huwa anatua kwenye mti wa nanga wa mtumbwi mbovu pale, anasubiri, baba akitoka anajipenyeza.

Sasa Mwalimu nina swali lingine. Yule kijana nimemuelewa, anasaidia wadogo zake, damu yake. Huyu wa nje anapata nini? Anavua, anampa mtoto wa mwenzake, na bado anapigwa.

Mwalimu_Bios

Swali zuri sana hilo. Anapata nafasi ya kesho. Reyer aliona kwamba madume wa nje waliosaidia, baadhi yao msimu uliofuata waliishia kuwa na yule yule jike, kama mume wake hajarudi au amekufa. Majike ni wachache, sasa dume ambaye jike ameshamzoea, anamjua kwamba anavua vizuri na haleti fujo, ana nafasi nzuri kuliko dume asiyejulikana. Kwa hiyo zile samaki ni kama posa ya muda mrefu. Na ndio maana hajitumi sawa na kijana wa nyumbani, analeta lakini kwa kiasi, anajihifadhi awe hai mwaka kesho. Yule kijana anajichosha kabisa na wengi wao hawarudi, lakini wadogo zake wengi wamekua.

Jioni ukikaa tena angalia samaki amebebwaje mdomoni. Ndege akitaka kumla mwenyewe humgeuza ili kichwa cha samaki kitangulie kooni. Akiwa anampelekea mtu, kichwa kinaelekea mbele, nje, ili anayepokea ammeze kwa kuanzia kichwa bila miiba ya mapezi kumkwama. Ukiona amebeba hivyo ujue kabisa huyo anakwenda kutoa.

Kijana_wa_Kigoma

Huku Tanganyika tunao pia, wengi tu. Mimi kinachonishangaza ni vile anavyoweza kula bila kutua. Ndege wengine jamii ya mdiria akishika samaki lazima arudi kwenye tawi ampige kwanza, huyu akishika dagaa mdogo anammeza hapo hapo hewani na anaendelea kuvua. Ndo maana anaweza kwenda mbali katikati ya maji ambako hakuna hata mti.

Kule Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, walihamishia dagaa wetu wa Tanganyika miaka ya 1960, na hawa ndege baada ya muda wakaanza kuwafuata mpaka kilometa kadhaa toka nchi kavu. Hilo jambo liliandikwa kabisa. Samaki katoka huku, kapelekwa kule, na ndege wa kule kajifunza kazi mpya.

Bi_Mkubwa_Mikoko

Na pwani tusisahauliwe jamani. Kilifi na Mida kwenye mikoko mdiria huyu anavua maji ya chumvi, maji yakijaa anasogea vichakani, maji yakitoka anakaa juu ya nguzo za wavuvi anangoja vidimbwi. Mkubwa akipata samaki mkubwa kidogo anampigapiga kwenye mti huku na huku mpaka atulie ndipo anameza. Watoto huwa wanasimama wakatizama wakasahau walikotumwa.

Lakini kutaga wanataka ukingo wa mchanga au udongo wa kufinyangika, kwenye mikoko hawatagi, kwa hivyo wanakwenda kutafuta kingo za mito na mashimo ya mchanga. Kwa hiyo suala lako la tipa sio la Bunda peke yake.

Mzee_wa_Nanga

Niongeze kidogo kwenye kuvua maana nimewaangalia sana nikiwa nasubiri nyavu. Asimame wapi, hilo analipima. Kwanza anasimama juu, mwili umekaa wima, mdomo umeinama chini kabisa, mabawa yanakwenda kasi lakini kichwa hakitikisiki hata kidogo. Akiona kitu hashuki moja kwa moja kila mara, anaweza kushuka hatua moja, akasimama tena chini kidogo, akaangalia, ndipo anajirusha. Akiona si chenyewe anaacha, anapanda tena. Upepo ukiwa wa wastani unamsaidia kusimama maana anauelekea, ukizidi maji yanafumuka, wanapotea wote. Siku za upepo mkali ukiangalia mashimo utaona yanatembelewa mara chache na watoto wanalia ndani mpaka unawasikia ukiwa kwenye mtumbwi.

Mwalimu_Bios

Hapo kwenye kushuka wima kuna sababu ya kifizikia, mwanga ukipita toka majini kuja hewani unapinda, ndo maana samaki ukimtazama kwa pembeni anaonekana sipo alipo. Ukimtazama toka juu kabisa wima haupindi. Ndege hajasoma fizikia lakini anajiweka juu ya samaki.

Sasa nirudi kwenye ukingo maana naona tumeuacha.

Wote wawili, dume na jike, wanachimba. Wanaanza kwa mdomo, wakishapata nafasi ya kuingia wanapiga mchanga nyuma kwa miguu. Handaki linaenda ndani mita moja mpaka mbili na zaidi, linapanda kidogo kwenda juu, na mwisho kuna chumba. Hakuna majani wala manyoya, mayai meupe yanalala juu ya mchanga, na baadaye juu ya mifupa na magamba ya samaki. Kuatamia ni kama siku 18, halafu vifaranga wanakaa ndani karibu wiki nne, wakizaliwa hawana manyoya wala hawaoni. Jumlisha na siku za kutaga na za kuchimba, inakuja miezi miwili au zaidi. Hayo ndo muda unaoutafuta.

Kuhusu kuhamia kwingine. Ndege mzima atahama, ndio. Mayai na vifaranga hawahami. Tipa likikata ukingo wakiwa ndani wanazikwa, na mara nyingi na jike naye kama yuko kwenye mayai. Na kwingine ni wapi? Ukingo wima, mchanga mgumu wa kutosha usiporomoke, laini wa kutosha kutobolewa, juu ya maji yanapofika, karibu na samaki. Hebu tembea kando ya ziwa uhesabu sehemu za namna hiyo ziko ngapi. Ndio maana unawaona wamejazana sehemu moja.

Katibu_wa_Mwalo

Naomba niingie hapa maana nimekuwa kwenye BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, ya mwalo wetu na suala la mchanga tumelishughulikia. Nisikilize vizuri ndugu yangu kando_ya_ziwa.

Kwanza sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye ziwa. Huo ukingo kama uko karibu na maji hivyo, hoja yako ya kwanza siyo ndege, ni mita 60. Usianze na ndege kwenye kikao. Anza na ukingo wenyewe, kwamba ukichotwa ziwa litaanza kula nchi kavu kuelekea kwenye nyumba na kwenye mwalo wa kuanikia dagaa. Wenye mitumbwi watakuelewa haraka. Kisha ndege unawaleta kama sababu ya pili, watu wakiwa wameshakaa upande wako.

Pili, usiende mkono mtupu. Piga picha za mashimo, na ukiweza video ya hao wanne wakiingia. Mtu aliyeona ndege anapeleka chakula ndani ya shimo hawezi tena kusema ni mashimo tu.

Tatu, jua shimo lipi lina watu na lipi ni tupu. Shimo linalotumika la mdiria mlangoni chini lina mifereji miwili midogo sambamba, ni ya miguu yake akiingia na kutoka. Pembeni kuna kinyesi cheupe, na ukikaribia linanuka samaki. Shimo tupu lina utando wa buibui au mchanga umejaa mlangoni. Na sio yote ni ya mdiria, keremkerem nao wanatoboa kingo hizo hizo, yao ni madogo na hayanuki samaki. Usiingize mkono wala fimbo, kuna wakati nyoka au kenge ameshaingia kula mayai na yuko humo ndani.

naivasha_guide

Hapo kwa kenge amesema ukweli. Kenge na nguchiro ndio maadui wakubwa, na mvua ikinyesha sana ukingo unaanguka wenyewe. Kwa hivyo hata bila tipa hawa ndege wanapoteza watoto wengi, mtu akiongeza hasara yake juu ya hiyo kundi linaisha.

Kitu kingine usikae karibu sana na mlango. Ukiona ndege anasimama hewani mbele ya shimo na samaki mdomoni na haingii, ujue ni wewe unamzuia. Rudi nyuma mpaka aingie.

kando_ya_ziwa

Mrejesho wakuu. Kikao kimefanyika. Nilifuata ushauri wa Katibu, nikaanza na mita 60 na nyumba zetu, wazee wakaunga mkono hapo hapo, kumbe nao lilikuwa linawakera ila hakuna aliyekuwa anasema. Mwenyekiti akasema ukingo usiguswe na wenye tipa waonyeshwe sehemu nyingine ya juu huko mbali na maji. Video nilimuonyesha mjomba kwanza kabla ya kikao, akaangalia mara mbili, akauliza yule wa nne analipwa nini nikamueleza habari ya jike wa mwaka kesho. Kwenye kikao alisema yeye mwenyewe kwamba dagaa hawamalizwi na ndege.

Sasa kwenye lile shimo naona mabadiliko. Wanaingia haraka na kutoka haraka, na siku hizi kuna vichwa viwili vinachungulia mlangoni. Wameshakaribia kutoka? Nifanye nini, au nisifanye kitu?

Mwalimu_Bios

Hongera sana! Wamekaribia kabisa. Kifaranga akianza kuchungulia na kupokea samaki mlangoni ni siku chache. Wanatoka wakiwa wanaweza kuruka tayari, ila kuvua hawajui. Utawaona wametua kwenye matete au kwenye mitumbwi wanalia na wakubwa wote wanne wanaendelea kuwalisha. Kisha wanaanza kujirusha majini wenyewe, na watakosa sana. Utawatambua kwa mdomo mfupi kidogo na kifua kisichokolea weusi.

Cha kufanya ni kuwaomba watoto wa mtaani wasiwatupie mawe siku hizo, maana wanaruka chini chini na hawajui kukwepa.

Katibu_wa_Mwalo

Hongera ndugu yangu. Hakikisha uamuzi wa kikao umeandikwa kwenye kitabu cha mihutasari na nakala iko BMU na kwa mtendaji wa kijiji, maana wenyeviti hubadilika na tipa hurudi. Na iandikwe "ukingo wote", isiandikwe sehemu yenye mashimo tu, kwa sababu mwakani watatoboa mapya pembeni.

Mzee_wa_Nanga

Nasi huku Sengerema tunao ukingo wa hivyo. Katibu, naomba uniandikie pembeni hicho kifungu cha sheria ni namba ngapi, kikao chetu ni wiki ijayo.

Katibu_wa_Mwalo

Kifungu cha 57, mzee wangu. Nimekutumia na mfano wa barua tuliyoiandika sisi.